Chandarua cha Teta

Pera lilikuwa limeng'atwa, na chandarua hakikuwa na tundu.

Gasaro aliuzunguka mpera mara mbili, akikipapasa chandarua kwa vidole. Juzi mume wake Sultani, fundi cherehani wa Kamembe, alikuwa amechoka kuokota mapera yaliyoliwa na popo.

"Maman Teta, toa ile supaneti ya kitanda cha mutoto, tufunike muti."

"Na mutoto?"

"Mutoto haliwi na popo."

Alicheka peke yake. Gasaro hakuzoea kubishana. Alikitoa chandarua kitandani, wakaufunika mti.

Popo hawakutua tena. Lakini kila asubuhi, ndani ya chandarua, pera moja lilikutwa na alama za meno madogo, kama meno ya maziwa.

Siku ya nne Teta, mtoto wa miaka miwili, alikataa uji. Kwenye kituo cha afya walimpima malaria, hawakuiona. Pumzi yake ilinukia mapera, naye hakuwa ameonja hata moja, na jua lilipozama Gasaro alisikia chumbani mlio mkavu wa mbawa zinazokunjwa na kukunjuliwa, akaingia, akamkuta mtoto amelala kichwa kikining'inia nje ya kitanda, nywele zikigusa sakafu, macho yakimtazama mama yake kutoka chini bila kupepesa, huku akitabasamu.

Asubuhi walimwita bibi Mugwaneza, mganga wa mtaa. Alinusa mti, kisha akamnusa mtoto.

"Mutoto ameshikwa na jini, alikuwa anakula hapa pamoja na popo tangu zamani, mbele ninyi mujenge nyumba," alinong'ona. "Mulifunika muti, mukafunua mutoto. Mufungue muti leo, na musichume hata pera moja. Bote bakule, popo na jini. Kisha mutoto arudishiwe supaneti yake."

"Mapera yote, bibi? Yameiva!"

"Papa Teta, unalea mutoto ao unalea mapera?"

Sultani aliinuka kwenda kufungua kamba za chandarua. Gasaro akamsindikiza bibi hadi barabarani. Aliporudi, chandarua kilikuwa chini tayari, na nyuma ya mlango palikuwa na beseni la mapera, limefunikwa kwa kitenge.

"Papa Teta…"

"Nyamaza. Ni beseni moja tu. Nani atajua?"

Gasaro alikiokota chandarua, akaenda kukikung'uta.

Jioni alikifunga chandarua kitandani, akachomeka pindo zake chini ya godoro pande zote nne. Teta alikuwa amekunywa uji wote. Mbawa hazikusikika. Sultani alitafuna pera mlangoni.

"Unaona? Bibi alitutisha bure."

Kulipokucha Gasaro aliingia taratibu. Chandarua kilikuwa vile vile, kimechomekwa pande zote, hakina tundu. Ndani yake Teta alikuwa kimya, mkono mmoja nje ya shuka, na kuanzia kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko kulikuwa na alama za meno madogo, zimepangana vizuri, mbichi, zinanukia mapera.

Sultani alisimama nyuma yake, akaziona alama. Kisha akamgeukia.

"Kwani ni nani alitoa supaneti ya mutoto?"