Otto na Kulungu Aliyezaa Uani

Kila asubuhi nyumbani kwa akina Friesen mambo yalikuwa yale yale. Marlene aliteleka kahawa. Mumewe, Dwayne, alifungua mlango wa nyuma, na mbwa wao Otto akatoka uani kujisaidia. Otto ni mbwa mfupi mno, tumbo lake karibu lifagie nyasi. Lakini kelele zake! Ungedhani wako watatu.

Dwayne alimpenda mbwa huyo kupita kiasi. Tangu maumivu ya mgongo yamtoe kazini mgodini, wawili hao walikuwa hawaachani.

Marlene naye alikuwa na kipenzi chake, kulungu jike mwenye sikio lililochanika. Hapa kwetu Cranbrook, mji wa milimani nchini Kanada, kulungu hutembea mitaani kama wenye nyumba. Majira yote ya baridi Marlene alimwekea matufaha karibu na uzio. "Njoo ule, mama," alimwambia. Manispaa imekataza kuwalisha. Marlene alijua, ila alijifanya hajui.

Asubuhi moja ya Juni Otto alitoka kama kawaida. Mara kikasikika kilio kikali. Marlene akachungulia dirishani. Kulungu wake amelaza masikio nyuma, anamkanyaga Otto kwa kwato za mbele!

"Mungu wangu! Dwayne! Anamuua Otto!"

Akatoka mbio, ufagio mkononi.

"Simama hapo hapo!" sauti ikapaa kutoka ng'ambo ya uzio. Alikuwa jirani yao Rhonda, msaidizi katika zahanati ya wanyama. "Usiingie katikati, atakupiga na wewe! Mwite mbwa aje mlangoni!"

Rhonda aligonga mfuniko wa pipa la takataka kwa nguvu zake zote. Kulungu akarudi nyuma kidogo. Otto akajikokota hadi mlangoni, damu ikimtoka ubavuni.

Zahanati walimshona. Mbavu zilikuwa zimevunjika. "Abaki hapa kwanza," daktari alisema. "Siwaahidi kitu."

Jioni Rhonda aliwakuta mezani, chakula hakijaguswa.

"Nitawapigia simu watu wa wanyamapori waje wampige risasi," Dwayne alisema. "Amekula matufaha yetu tangu theluji ya kwanza, halafu anatulipa hivi! Hana hata haya!"

"Haya ni ya watu, Bwana Dwayne," Rhonda alijibu. "Hebu njooni dirishani. Tazameni pale chini ya kichaka cha maua."

Walitazama wasione kitu. Kisha Marlene akaona madoa meupe, na sikio dogo likitikisika.

"Jamani, mtoto! Maskini, ametupwa. Ngoja nimchukue nimpe maziwa."

"Thubutu!" Rhonda akamshika mkono. "Hajatupwa. Mama humficha alale kimya, yeye huenda kula, kisha hurudi kumnyonyesha. Usimguse kabisa."

"Lakini Otto ana ubaya gani? Kimbwa kifupi vile!"

"Wewe unamwona Otto. Yeye anaona mnyama anayekula watoto wa kulungu. Mbwa mkubwa, mbwa mdogo, kwake ni adui tu."

Marlene akaanza kulia. "Mimi ndiye niliyemleta. Nilimzoesha hapa, akaona ndipo pa kuzalia."

"Ni kweli," Rhonda alisema.

"Basi uani ni kwangu au kwake?" Dwayne akauliza kwa hasira.

"Kwa sasa mwachieni, mpaka mtoto aweze kumfuata mama yake. Ukimwua, huyo mdogo atakufa njaa hapo hapo. Na mwakani atakuja mwingine, maana matufaha yapo. Otto akirudi, mtoeni kwa mlango wa mbele, kamba fupi mkononi. Mkimwona kulungu, geuzeni njia. Akiwafuata, wekeni gari au mti kati yenu. Na wewe jirani yangu, matufaha basi."

Dwayne aliitazama simu. Hakuipiga.

Otto alirudi nyumbani ubavu umenyolewa, anatembea kama mzee. Kelele zake, hata hivyo, hazikupungua. Siku moja barabarani kulungu alitokea na mtoto nyuma yake, akapiga kwato chini. Zamani Dwayne angemfokea. Safari hii alifupisha kamba, akazunguka nyuma ya gari la jirani, akasubiri. Mama na mtoto wakapita zao.

"Nyamaza, wewe," alimwambia Otto. "Hujakoma tu?"

Wiki chache baadaye kulungu na mtoto wake wakahama, uani kukawa kweupe. Siku hizi Dwayne huchungulia kila kichaka kwanza, ndipo amfungulie Otto mlango.

Matufaha yalipoiva, kulungu mwenye sikio lililochanika alikuja kusimama ng'ambo ya uzio. Alimkodolea macho Marlene, aliyekuwa na tufaha mkononi. Marlene roho ilimuuma, mkono ukataka kwenda wenyewe.

"Hapana, mama," alisema. "Kale majani huko mlimani."

Kulungu alisubiri, akachoka, akaondoka. Marlene akalikata tufaha, akatoa mbegu, akampa Otto kipande. Kilichobaki akala mwenyewe.