Wageni wa Nyumba ya Bi Ivy

Wageni walikuwa wameondoka tangu Ijumaa, lakini Jumamosi saa nne asubuhi, Glenda Futter alipogusa birika la jikoni, alilikuta la moto.

Akaondoa mkono haraka, akasikiliza. Nje shakwe walikuwa wakipiga kelele juu ya mapaa, na magari ya watalii yakisukumana kuteremka pwani. Ndani hapakuwa na sauti. Ila kulikuwa na harufu ya sabuni nyekundu ya zamani, na ya sufu iliyolowa mvua.

Glenda alikuwa na miaka hamsini na nane, na kazi yake ilikuwa kusafisha nyumba za wageni pale Holmsey, pwani ya Uingereza. Siku hizi kijiji karibu chote kilikuwa nyumba za wageni. Hii ya karibu na kanisa aliijua kuliko zote, kwa kuwa ndimo alimozaliwa. Yeye na kaka yake Barry waliiuza baada ya mama yao, Bi Ivy, kuanza kusahau jiko likiwaka. Sasa ilikuwa ya Bwana Ashdown wa London, aliyeipaka rangi ya kijivu na kutundika kasia sebuleni, mtu ambaye hata kwenye boti ya watalii hutapika.

Alipanda juu kubadilisha mashuka. Vitanda vyote vilikuwa vimeshatandikwa kwa mashuka yaleyale machafu, yamekazwa na kukunjwa pembe kwa namna ambayo Glenda alifundishwa na mama yake kwa makofi akiwa na miaka saba.

Alivivuruga, akavitandika upya. Hakumwambia mtu.

Jumatano mambo yakaharibika. Mtu na mkewe kutoka Leicester walikwenda kwa boti kuwatazama sili, wale wanyama wa baharini, waliolala mchangani. Waliporudi mchana, mvua ikinyesha, walikuta masanduku yao yamepangwa nje ya lango, na mlango umetiwa komeo kwa ndani. Mke akampigia Glenda simu.

"Ndiyo nini kututolea vitu nje, mama? Si tuko hapa mpaka Ijumaa?"

"Mimi leo sijakanyaga huko, mwanangu."

"Basi huyu bibi ni nani?"

"Bibi yupi?"

Yule mwanamke akashusha sauti. "Yuko juu, namwona dirishani. Amekaa kitandani na koti lake. Asubuhi nilimkuta jikoni nikadhani jirani. Akaniambia, 'Wiki mbili zimekwisha, binti. Nendeni kwenu, mwenyewe nimerudi.'"

Glenda alikata simu.

Wiki mbili hizo zilijulikana kwa watu watatu tu: Glenda, Barry na mama yao. Siku walipompeleka Bi Ivy kwenye nyumba ya kutunzia wazee, walimwambia anakwenda kupumzika wiki mbili, kisha watamrudisha. Siku ya kumi na tano Bi Ivy alivaa koti, akaketi ukingoni mwa kitanda kungoja. Kesho yake akalivaa tena. Alilivaa kila asubuhi kwa miezi mitano, mpaka akafia hukohuko kwa wazee.

Glenda akamfuata Barry bandarini, kwenye kibanda chake cha kuuzia kaa.

"Mama yupo nyumbani."

"Mama yupo kaburini, jeneza nimelibeba mwenyewe. Acha wehu."

"Ametaja wiki mbili, Barry."

Barry aliendelea kuvunja magamba. Kisha akasema bila kumtazama, "Maneno ya wiki mbili si yangu. Ulimwambia wewe."

"Kwa sababu wewe ulijificha koridoni na simu yako, mwanamume mzima!"

"Punguza sauti. Wateja wanasikia."

Jioni Bwana Ashdown alipiga simu. "Ufunguo wa akiba unao wewe peke yako, Glenda. Kama una kinyongo na nyumba, sema. Ijumaa saa kumi wanaingia wengine. Nisisikie upuuzi tena."

Basi Ijumaa mchana Glenda akamwomba msaada Mchungaji Harriet, kasisi wa kanisa lile, mama mnene mpole ambaye hakuwahi kufukuza mzimu na hakulificha hilo. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka baharini. Komeo lilifunguka kabla hawajagusa mlango.

"Kaa nyuma yangu," mchungaji alinong'ona.

Waliomba jikoni, wakaomba sebuleni, wakaanza kupanda ngazi, na kila kipandio walichopanda ile harufu ya sabuni na sufu ilizidi kuwa nzito, mpaka ikawa kama kitambaa kimebanwa puani, na huko juu vyuma vya kitanda vililia, polepole, kama vinavyolia mtu mzee anapojisogeza ili aone ni nani anayekuja, na Glenda akajikuta ameshika joho la mchungaji kwa mikono miwili kama mtoto, maana kitandani hapakuwa na mtu, ila godoro lilikuwa limebonyea, na ule mbonyeo ukageuka kumwelekea yeye.

"Kwa jina la Bwana," mchungaji alisema, "toka katika nyumba hii."

"Niende wapi?"

Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa, ya mama aliyekatizwa kazi.

"Glenda," sauti ikasema. "Umekuja kunichukua?"

Saa ya kanisani ikagonga tisa na nusu. Glenda aliwafikiria wale wa saa kumi. Akafikiria kazi yake, na karavani, kijumba cha magurudumu alichopanga kule juu ya jabali.

"Ndiyo, Mama," alisema, kwa sauti ileile aliyoahidia zile wiki mbili. "Gari liko nje. Twende nyumbani."

Godoro likainuka. Kitu baridi kikapita katikati yao, vipandio vikaitika kimoja kimoja, mlango ukafunguka. Barabarani gari dogo la Glenda liliinama upande wa abiria, na wakasikia mkanda wa kiti ukifungwa, *klik*.

Mchungaji Harriet akaenda zake bila kumuaga Glenda.

Wageni wapya walifika saa kumi kamili, wakasifu kasia, wakauliza njia ya kwenda kuona sili. Nyumba ilikuwa safi, haina harufu yoyote. Glenda aliwakabidhi ufunguo, akatoka, akasimama kwenye ukungu akilitazama gari lake. Kisha akashika njia ya jabalini kwa miguu.

Mpaka leo gari lipo palepale, kando ya ukuta wa kanisa. Barry anasema livutwe likatupwe, lakini mwenyewe hasogei hapo. Glenda hupita kila asubuhi akienda kazini, upande wa pili wa barabara, uso chini. Vioo vimejaa ukungu kwa ndani. Akikaribia, kioo cha abiria hufutwa kidogo, duara la kutosha jicho moja.