Gia Iliyochapwa kwa Uzi

Duka la tano lilimjibu kama yalivyomjibu manne yaliyotangulia.

"Dada, hii haitengenezwi tena. Agiza mashine mpya."

Mfamasia alikuwa amesimama mbele ya kaunta, katikati ya msongamano wa mtaa wa vipuri, akiwa bado amevaa koti lake jeupe la kazini. Mkononi alishika leso. Ndani ya leso mlikuwa na gia ya plastiki, ndogo kama kizibo cha chupa, imepasuka vipande viwili. Watu walimpita wakiwa wamebeba feni na mafungu ya nyaya. Spika ya duka la jirani ilipiga kelele hivi kwamba ilimbidi apaze sauti.

"Mashine mpya itafika lini?"

"Wiki tatu. Ukibahatika."

"Sina wiki tatu. Sina hata siku tatu!"

Sauti yake ilikatika. Mwanamume aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, mwenye shati la bluu lililokunjwa mikono, alinyoosha shingo akaitazama leso.

"Samahani, dada. Gia hiyo ni ya nini?"

"Ya mashine ya kutotolea mayai. Kwani unauza gia?"

"Siuzi. Nazichapa."

Mfamasia alimtazama kuanzia utosini hadi viatuni. "Kaka, leo si siku ya kunitania. Kinachochapwa ni karatasi."

"Basi njoo uone. Ni ghorofa ya pili, juu ya duka la mazulia. Usiponiamini, ngazi za kupandia ndizo za kushukia."

Walipokuwa wakipanda, alimweleza shida yake kwa pumzi moja. Mama yake alifuga kuku wa kijivu wenye vishungi kwa miaka thelathini, akichagua majogoo na matetea kwa mkono wake, na hakuruhusu kuku mwingine kukanyaga ua wake. Mama alifariki miezi minane iliyopita. Wiki hii ugonjwa wa kideri uliingia bandani, na kwa siku nne kuku wote wakafa. Yaliyobaki ni mayai themanini na sita, ambayo kwa bahati yalikuwa yameshaingizwa kwenye mashine. Sasa gia inayogeuza trei imevunjika, na yai lisipogeuzwa kifaranga hugandia kwenye gamba na kufa.

"Huwezi kuyageuza kwa mkono?"

"Nikifunua kila mara, joto na unyevu vinatoka. Na nina kazi. Naondoka asubuhi, narudi jioni."

Fundi alifungua mlango. Chumba kilinuka plastiki iliyopashwa moto. Juu ya meza ndefu palikuwa na mashine tatu, kila moja mfano wa fremu ya dirisha iliyosimama, na kando yake magurudumu ya uzi mweupe, mweusi na mwekundu. Rafuni mlijaa vifundo vya kuwashia majiko, bizimu za mikoba na mguu wa mwanasesere.

Aliunganisha vipande vya gia, akavipima kwa kipimio cha chuma na kuandika kila namba. Kisha akaanza kuchora kwenye kompyuta.

"Printa ya karatasi inajua mambo mawili tu," alisema bila kugeuka, "urefu na upana. Hii inajua na kimo. Kompyuta inakikata kitu changu vipande vyembamba, kama unavyokata mkate, ila kila kipande ni chembamba kuliko ukucha. Mashine inachora kipande cha kwanza, halafu cha pili juu yake, mpaka kitu kisimame."

"Inachora kwa nini?"

"Kwa uzi huu. Ni plastiki. Unaingia kwenye ncha ile yenye moto wa digrii mia mbili, unayeyuka, unatoka kama krimu ya mpamba keki, unaganda hapo hapo."

"Kwa hiyo mashine inapamba keki."

"Daktari, umeelewa kuliko wanafunzi wangu wote."

"Mimi si daktari. Ni mfamasia. Na una wanafunzi wangapi?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Mfamasia alicheka kwa mara ya kwanza katika siku tano, kisha akaona aibu kucheka. Fundi alimwuliza swali moja tu zaidi.

"Ndani ya mashine yako joto ni kiasi gani?"

"Thelathini na saba nukta saba. Napima mara nne kwa siku."

"Basi uzi huu mweupe unatosha. Haulainiki mpaka upite hamsini na tano."

Ncha ilianza kwenda na kurudi juu ya sahani ya kioo. Mfamasia aliona duara la kwanza likitokea, kisha meno ishirini na manne kulizunguka. Alisogea dirishani kumpigia simu mdogo wake. Kwa sababu hiyo hakuiona ncha ikiingia katikati ya gia na kuchora, badala ya kujaza, vyumba vidogo vitupu kama vya sega la nyuki. Fundi naye hakuona haja ya kumweleza jambo ambalo kwake lilikuwa la kawaida kama kupumua.

Saa moja na nusu baadaye gia ilikuwa mkononi mwake, bado ina uvuguvugu. Walikwenda pamoja nyumbani kwake kuifunga. Trei ililalia upande mmoja, ikangoja, kisha ikalalia upande wa pili. Mfamasia aliketi sakafuni akaitazama mpaka machozi yakamtoka. Mdogo wake, msusi mwenye saluni mwisho wa barabara, alisimama mlangoni na kitana nyweleni.

"Dada, huyu ni fundi au ni shemeji? Nijue nimkaribishe vipi."

"Ni fundi."

"Karibu sana, shemeji."

Kuanzia siku hiyo simu ya fundi ililia kila saa saba mchana.

"Mayai yameamkaje?"

"Mayai yako salama. Mimi huniulizi?"

"Naogopa. Nikikuuliza wewe, nitachelewa kurudi kazini."

"Chelewa kidogo, basi."

Jioni fundi alimngoja nje ya zahanati alikofanya kazi, akiwa ameoga na kunyoosha shati, wakarudi kwa miguu wakibishana kama wanandoa wa siku nyingi. Jioni ya siku ya kumi tangu mayai yaingie mashineni alimshika mkono walipovuka barabara, na walipofika ng'ambo hakuna aliyekumbuka kuuachia.

Siku ya kumi na moja mfamasia alirudi nyumbani akakuta kimya. Mota ilikuwa inazunguka bure. Trei ilikuwa imelala upande mmoja, na hakujua tangu saa ngapi. Alifungua kifuniko, akaichomoa gia, na ilipomng'ang'ania kwenye mhimili akaivuta kwa koleo. Ikameguka. Akaiona ndani.

Ilikuwa tupu. Vyumba vitupu, kuta nyembamba kama karatasi.

Alimpigia fundi simu. "Niambie ukweli. Ile gia uliijaza ndani, au hukuijaza?"

"Sikuijaza. Huwa haijazwi, mpenzi. Wote tunafanya..."

"Wote! Kwa hiyo mko wengi!"

"Ngoja nikueleze. Ule uwazi..."

"Nilikupa mayai ya mama yangu, ukanipa ganda! Kwa gramu ngapi za uzi, wewe mwizi?"

"Mwizi? Mimi?" Naye alipandwa na hasira. "Kazi niliifanya bure. Nilikuibia nini?"

"Mwizi!" alirudia, akakata simu, kisha akaizuia namba yake.

Siku mbili zilizofuata hakuwa mtu. Alfajiri aliyageuza mayai kwa mkono, moja moja, kwa haraka, huku kipimajoto kikishuka mbele ya macho yake. Mchana msusi aliacha wateja wake wamesukwa nusu kichwa, akakimbia kuyageuza. Jioni ya siku ya pili waliyapima kwa tochi ndani ya chumba chenye giza. Yai baada ya yai lilionyesha duara jekundu la damu iliyokufa. Waliyatenga kwenye ndoo. Yaliyobaki yakiwa na uhai yalikuwa kumi na tisa.

"Mpigie," msusi alisema.

"Sitaki."

"Unalia kwa ajili ya mayai au kwa ajili yake?"

"Niache."

Msusi alimwacha. Lakini kulipokucha aliichukua gia iliyomeguka, akaipeleka ghorofa ya pili juu ya duka la mazulia.

Kesho yake, saa tano asubuhi, foleni ya zahanati ilikuwa imefika mlangoni. Mfamasia alikuwa anahesabu vidonge bila kuinua uso.

"Cheti."

Hakuna cheti kilichoingia dirishani. Iliingia gia nyeupe iliyomeguka, na kando yake nyingine nyeusi. Aliinua uso. Fundi alikuwa na ndevu za siku tatu, na shati lile la bluu lilionekana kama lililolaliwa.

"Huna cheti, pisha wenye cheti."

"Naomba dakika moja."

"Wagonjwa wanasubiri."

Mzee mwenye bandeji mguuni, aliyekuwa wa pili kwenye foleni, alikohoa. "Mpe hiyo dakika, binti. Mguu wangu hauendi popote."

Fundi aliisukuma gia nyeupe mbele. "Uliimega kwa koleo, ndiyo maana uliona vyumba. Vyumba hivyo huwekwa makusudi, kama fundi wa milango anavyoweka fremu ndani na mbao nje, katikati pawe wazi na mlango usidhoofike. Sasa tazama meno. Hayakuvunjika. Yamelala. Kitu kikizidiwa nguvu hupasuka, na hiki kimelainika."

Mfamasia aliichukua, akapitisha ukucha juu ya meno. Ni kweli, yalikuwa yamelala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa.

"Kimelainika kwa digrii thelathini na saba?"

"Hilo ndilo kosa langu. Nilikuuliza joto la mayai. Gia haikai kwenye mayai. Inakaa kwenye mota, na mota ile haipumziki mchana kutwa. Jana mdogo wako aliiwekea kipimajoto. Ni sitini na nne."

Mfamasia alikuwa amepima joto mara nne kwa siku, akaliandika kwenye daftari kwa nukta, na hakuwahi hata mara moja kuigusa mota.

"Nami ningeweza kukwambia," alisema polepole. "Sikupima."

"Aliyepaswa kuuliza ni fundi. Nikakubali namba nzuri kwa sababu imetamkwa vizuri." Akaisogeza gia nyeusi. "Uzi huu unavumilia hadi digrii tisini. Nimeiloweka kwenye maji ya digrii themanini kwa nusu saa, haikubadilika. Ndani ina vyumba vile vile. Sitaki ukute baadaye useme sikukwambia."

"Nilikuita mwizi."

"Mara mbili."

"Ya pili naifuta."

"Na ya kwanza?"

"Hiyo usubiri foleni."

Mzee wa bandeji alicheka peke yake. Mfamasia hakucheka. Aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa dirisha, akanong'ona, "Yamebaki kumi na tisa. Nimechelewa. Wewe na mimi tumechelewa."

Gia nyeusi ilifungwa mchana huo huo. Ilifanya kazi bila kusita mpaka siku ya kumi na nane, ambapo mayai huachwa yatulie. Lakini siku zile za kukaa bila gia zilikuwa zimeshafanya kazi yake. Tochi ilionyesha mayai saba.

Siku ya ishirini na moja hakuna lililotikisika. Fundi alifunga karakana, akaja kukaa nao. Siku ya ishirini na mbili, saa nne asubuhi, mayai mawili yalitoboka. Kifaranga wa kwanza alitoa mdomo, akapumzika, akaacha kupumua kabla hajatoka. Wa pili alitoka saa saba, amelowa, wa kijivu, ana alama ndogo ya kishungi kichwani. Walisubiri hadi saa kumi. Mayai matano hayakusema kitu.

"Mmoja," mfamasia alisema. "Miaka thelathini ya mama, na mmoja."

Fundi hakumwambia asilie. Aliketi sakafuni karibu naye.

"Wewe si unachapa vitu?" alimgeukia ghafla, macho mekundu. "Basi mpime huyu. Mchore, umkate vipande, unichapie mwenzake!"

"Kama ningeweza, ningekuwa nimeshaanza."

Mfamasia aliangukia begani kwake, akalia kwa sauti. Kifaranga naye alikuwa analia, sauti kali, fupi fupi, bila kupumzika.

Msusi alichungulia. "Dada, huyu akilala peke yake atalia mpaka afe. Anataka wenzake."

Wote watatu walijua sheria ya ua ule.

"Sokoni wapo wa siku moja, wa kawaida," fundi alisema kwa uangalifu. "Lakini mama yako hakuchanganya."

"Mama hakuwahi kubaki na mmoja." Mfamasia alijifuta uso kwa mkono wa koti. Alikuwa amekata shauri, na shauri lenyewe lilimuuma. "Kalete sita. Wasiwe wa kijivu. Sitaki kujidanganya."

Fundi alisimama. "Na nani atawatazama ukiwa kazini?"

"Wewe."

"Karakana iko mbali na hapa."

"Basi hamia hapa."

"Nihamie kama mpangaji?"

"Mpangaji hutoa taarifa akaondoka. Mimi nataka mtu asiyeondoka."

Msusi aliziba mdomo kwa mikono miwili. Fundi alibaki ameduwaa, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Hilo ni swali au ni amri?"

"Soko linafungwa saa kumi na mbili. Utajibu ukirudi."

Alitoka mbio bila kufunga kamba za viatu. Mfamasia alimwingiza kifaranga ndani ya koti lake jeupe, kifuani, palipo na joto. Hakulazimika kungoja soko. Jibu lilisikika kutoka nje ya lango, kwa sauti iliyowafanya majirani wafungue madirisha, kabla fundi hajafika barabarani.

Ndani ya koti kifaranga aliendelea kulia. Mfamasia alimwinamia, akaanza kuhesabu dakika za kwenda sokoni na kurudi.