Chujio Lisilotaka Sabuni

Pale Mbamba Bay hakuna aliyempita Tadea kwa usafi. Ua wake ulifagiliwa mara mbili kwa siku. Hata kuku wa jirani walipita kwa adabu. Kila asubuhi, baada ya kufagia, aliteremsha chujio la tangi la samaki. Alifua sponji kwa sabuni ya unga, akaisuuza kwa maji ya moto, akaianika juani mpaka ikakauka kau.

Na kila asubuhi alikuta samaki wamekufa.

Samaki wenyewe walikuwa mbuna, wale wadogo wa miambani Ziwa Nyasa, wa buluu na wa njano. Mumewe, Vitalis, alikuwa mtunza ghala la kahawa mjini Mbinga. Biashara ilipoachiwa watu binafsi, ghala likafungwa. Akarudi nyumbani na barua ya kupunguzwa kazi. Ndipo mnunuzi kutoka Dar es Salaam akawaambia, "Nje ya nchi watu wanafuga mbuna kwenye matangi ya vioo. Nikirudi baada ya miezi mitatu nikakuta wazima, waliozoea tangi, nitawanunua."

Majirani walicheka. "Ziwa lote hili, ninyi mnawafungia ndani?"

Chujio alilitengeneza Vitalis kwa ndoo mbili. Ya juu, waliyoijaza maji ya tangi kwa kopo, ilidondosha maji kidogo kidogo. Ya chini ilitobolewa kitako, ikatiwa vitu vya kuchujia, na maji yakarudi tangini. Humo aliweka sponji na makaa ya mawe ya Ngaka.

"Mkaa husafisha maji," alisema kwa majivuno. "Makaa ya mawe yanawaka kuliko mkaa. Basi yatasafisha zaidi."

Mwezi mmoja ukapita. Mzee Wendelin, mzamiaji, akaleta samaki wanne kwenye ndoo.

"Shikamoo, mzee," Tadea alimwamkia.

"Marahaba. Hawa ndio wa mwisho, mwanangu. Siwatoi tena ziwani waje kufia kwako."

"Na hawa wakifa," akasema Vitalis, "napanda lori kwenda Ngaka, nikatafute kazi mgodini."

Moyo wa Tadea ulishtuka. Miaka tisa mume alikaa Mbinga, wakaonana Krismasi na Pasaka tu. Kuishi hivyo tena? Ng'o! Akajifunga khanga, akaenda kumwita Mwanabibi, ofisa wa uvuvi aliyehamishiwa pale kutoka Mtwara. Watu walimwita Bibi Samaki.

Mwanabibi alikuja, akachungulia ndooni.

"Nani ameweka makaa haya?"

Vitalis akatazama dari.

"Haya ni ya kuchoma, si ya kuchuja. Yanatoa uchafu wake majini. Na sponji hii mbona inanukia sabuni?"

"Naifua kila siku," Tadea alijibu kwa fahari.

"Basi, dada yangu, wewe ndiye unayewaua."

Tadea aliumia. Chozi lilimlengalenga. "Mimi? Kwa usafi wangu?"

"Sikiliza. Samaki anakula, anakunya. Kinyesi kinageuka sumu isiyoonekana. Maji yanaweza kung'aa na bado yakaua. Ila kuna vijidudu vizuri, vidogo mno. Vinakaa kwenye chujio, vinaila ile sumu. Sabuni inaviua. Maji ya moto yanaviua. Jua nalo linaviua."

Tadea alifuta chozi kwa khanga. Kisha akapiga makofi. "Kumbe ni ngolo!"

"Ngolo ndiyo nini?"

"Kwetu Litumbandyosi, milimani, tunalaza nyasi shambani, tunazifukia kwa udongo wa mashimo. Mvua ikija, maji yanatulia mashimoni. Chini ya udongo nyasi zinaoza polepole, mazao yanashiba. Ukizifukua kila siku ukazifua, utavuna nini?"

"Hapo hapo!" Mwanabibi alicheka. "Kule Mtwara nilitunza tangi dogo la maji ya chumvi. Chujio lake lilikuwa na vipande vya matumbawe yaliyokufa. Vina vitundu vingi, vijidudu vinapata nyumba. Hapa tutafute kitu cha namna hiyo, kisichooza wala kutoa rangi."

Vitalis akaleta kokoto na kipande cha tofali la kuchoma. Mwanabibi akadondoshea maji. Kwenye kokoto maji yaliteleza. Kwenye tofali yalizama.

"Chukua linalokunywa," akasema. "Lioshe kwa maji matupu. Sponji mpya juu, izuie takataka. Tofali chini. Sponji ikiziba, ikamue kwenye maji uliyoyatoa tangini. Tofali usiliguse. Vijidudu vinahitaji wiki kadhaa kuzaliana. Kwa sasa toa robo ya maji kila siku, utie ya ziwa. Na chakula kidogo!"

Sponji ikawa ya kahawia. Loo, mikono ilivyomwasha Tadea kwa hamu ya kuifua! Siku moja alishika kopo la sabuni, akaliangalia, akalirudisha. Wiki ya kwanza hakufa samaki. Ya pili, hakufa. Ya tano, jike la buluu likaacha kula. Taya lilimvimba.

Mwanabibi alikuwa safarini. Vitalis akaona vifo vimeanza upya, akatoa begi.

"Ngoja kwanza," Tadea alimsihi.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo!"

"Na yaumie. Sabuni siigusi."

Wiki tatu begi lilikaa mlangoni, likingoja lori la Ngaka. Jumatatu asubuhi lori likapiga honi. Vitalis akalitupa begi begani. Tadea, machozi usoni, akaenda kumwaga maji kwenye ndoo ya juu. Akaganda.

Jike lilifungua mdomo. Kakatoka kasamaki kadogo. Kakafuata kengine. Kisha kumi, kisha ishirini!

"Vitalis! Anatema watoto! Alikuwa anawalea mdomoni!"

Honi ikalia tena. Vitalis alitazama tangi, akamtazama mkewe. Akachungulia dirishani, akapaza sauti:

"Dereva, nenda zako! Nyumbani tumejifungua!"

Tadea alipiga vigelegele mpaka mzee Wendelin akaja mbio. Alipoona, akavua kofia. "Kesho nakuletea wengine, mwanangu."

Mnunuzi alirudi, akakuta tangi limejaa uhai. Akachukua wakubwa, akaagiza wengine. Siku hizi majirani waliocheka wanakuja kujifunza. Tadea anawapokea mlangoni, anawauliza kwanza kama mikono ina sabuni.

Makaa ya mawe alipewa mhunzi. Na lile begi la Ngaka? Vitalis analo begani mpaka leo. Anabebea vipande vya tofali vya machujio ya majirani, nyumba kwa nyumba, na jioni anarudi kwake.