Opondo Haandiki Hivyo

Ujumbe uliingia saa tatu na dakika arobaini asubuhi.

"I'm waiting since two hours. Send the four men by the back door."

Eddah Mburu aliusoma mara mbili.

Aliyeuandika hakuwa Opondo.

Mita mia tatu mbele ya gari lao la Probox, pembeni mwa mtaa wa Yamumbi, lilisimama ghala la mahindi. Ndani yake, katikati ya magunia, kulikuwa na bunduki sitini zilizovushwa mpaka na mgeni ambaye idara ya upelelezi ilimwita Mhandisi. Opondo alikuwa amejipenyeza humo wiki tatu akijifanya karani wa mizani. Maofisa wanne walijibana ndani ya gari la mkate, wakingoja neno lake.

"Afande, simu ya Opondo iko na mtu mwingine."

Gichuru, mkuu wa operesheni, hakubandua macho kwenye darubini. Aliuliza amejuaje.

Eddah alikuwa amefundisha Kiingereza katika shule moja ya Huruma miaka tisa kabla idara haijamchukua. Alisahihisha insha mpaka akawa anamtambua mtu kwa sentensi yake, kama wengine wanavyotambua sauti. Opondo hakuwahi kuandika "I'm". Aliandika "Am", kama nusu ya Kenya: Am at the gate. Am okay. Na hiyo "since two hours" hakuwahi kuiona kwenye daftari la Mkenya yeyote. Huyu alikuwa amejifunzia Kiingereza mbali.

Gichuru akasema simu siku hizi zinajisahihisha zenyewe. Hangesimamisha kazi ya miezi sita kwa sababu ya sarufi.

"Basi nipe swali moja tu nimjaribu," Eddah alisema.

Akaandika: "So the lorry from Moi's Bridge has not come?"

Lango lilikuwa mbele ya macho yao, na lori la mahindi lililotarajiwa halikuwa limefika. Opondo angejibu "Yes", akimaanisha ndiyo, halijafika. Ndivyo Kiswahili kinavyojibu, na ndivyo watu wa hapa wanavyojibu hata wakiandika Kiingereza. Mgeni angejibu vingine.

Simu ikatetemeka.

"No, it has not."

Gichuru akashusha darubini.

"Wanangojea watu wangu huko nyuma," alisema polepole.

"Wacha wangojee," Eddah alisema.

Akaandika kwamba wale wanne watafika mlango wa nyuma baada ya dakika tano. Gichuru alikuwa tayari ameshika redio ya Motorola.

"Badilisheni. Mnaingia mbele. Nyuma ni mtego."

"Sawa, afande. Mbele."

Gari la mkate likaingia lango kuu taratibu, kana kwamba linaleta oda. Eddah alilifuata kwa miguu, bastola ya Glock 17 ndani ya sweta.

Ndani, watu watatu walikuwa wamelala juu ya magunia, mitutu imeelekea mlango wa nyuma. Hawakuwahi kugeuka.

Risasi mbili kutoka kwa maofisa.

Mmoja akashika bega lake na kuanguka. Wengine wakatupa silaha.

Mhandisi alikuwa kwenye chumba cha mizani, simu ya Opondo mkononi, ujumbe umekatikia katikati. Eddah akamgusa shingo kwa mdomo wa Glock.

"Weka chini."

Akaiweka.

Opondo walimpata nyuma ya magunia, amefungwa kamba za katani. Uso ulikuwa umevimba. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimevunjwa. Eddah akapiga magoti, akazikata kamba.

"Walinishika alfajiri," Opondo alisema kwa shida. "Wewe ulijua saa ngapi?"

Angeweza kusema saa nne kasorobo. Gichuru angemuunga mkono.

Lakini saa moja asubuhi ulikuwa umeingia ujumbe mwingine: "I'm inside. All is good." Aliiona hiyo "I'm". Akajiambia labda Opondo ana haraka, akamimina chai.

"Saa moja niliona kitu," alisema. "Nikanyamaza."

Opondo akageuza uso, akaangalia magunia.

Daktari wa kikosi alipofika pamoja na Gichuru, Eddah alisimama, akamkabidhi Gichuru simu mbili, yake na ya Opondo, na kumwambia muda wa kweli utakuwa kwenye ripoti. Akatoka nje, akapita kando ya mahindi yaliyoanikwa juani, bila haraka, bila kutazama nyuma.

Alipofunga mlango wa gari, alifungua daftari na kuandika mstari wa kwanza wa ripoti: saa moja asubuhi.