Matete ya Kiota cha Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Chiriku alifungua kompyuta ya mama yake na kuwasalimia ndege. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu ya wingi wa maneno. Hata akipiga mswaki alitaka kuzungumza. Mama yake alikuwa mtafiti wa korongo taji, ndege wenye taji la dhahabu kichwani, ambao walikuwa wakipungua mwaka hadi mwaka. Ukiwakaribia sana wanakimbia viota vyao. Kwa hiyo kituo cha utafiti kilificha kamera tano kwenye kinamasi, na kila robo saa kila kamera ilituma picha yenyewe.

"Kiota cha kwanza, bado wanajenga. Cha pili, bado wanajenga. Cha tatu..." Chiriku akakunja uso. "Cha tatu ni majani, majani, na majani!"

"Nyuma ya hayo majani ndiko kwenye mayai ya pekee tuliyo nayo mwaka huu," mama alijibu kutoka jikoni. "Andika 'haonekani', kisha uje unywe chai."

Shida ilianzia shuleni. Chiriku alikuwa amewatangazia wenzake kwamba angewaletea picha ya mayai ya korongo taji. Siku ya Ijumaa alipeleka picha ya kiota cha tatu.

"Hii ni picha ya mboga," alisema Miwani, rafiki yake wa dawati moja. Darasa zima likaangua kicheko. Chiriku naye alicheka, lakini maneno yale yalimchoma.

Jumamosi ilikuwa siku ya kubadilisha betri. Fundi wa kamera aliitwa Mzee Betri, kwa kuwa hakuna mfuko wa nguo zake uliokosa betri. Yeye na Chiriku waliingia kwenye matete, na mama akabaki ukingoni na darubini na saa. Sheria ya kituo ilikuwa fupi: watu wawili, dakika kumi, usiguse kitu mbele ya kiota.

"Mjukuu wangu, nishikie hizi zilizokwisha," alisema mzee, akageuka kufunga kifuniko cha kamera.

Korongo alikuwa amesogea mbali. Chiriku alikitazama kiota. Matete matano tu ndiyo yaliyokiziba. Akayakunja harakaharaka, moja baada ya jingine, mpaka yakavunjika.

"Umemaliza, babu?" aliuliza kwa sauti tamu kama asali.

Jumapili mawingu yalitanda, na korongo alipoinuka kidogo, picha ikaja safi kabisa: mayai mawili meupe yenye usamawati kwa mbali. Jumatatu asubuhi Miwani aliivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. "Haki ya nani, ni yenyewe!" alisema. Sifa zilimvimbisha Chiriku kichwa siku nzima.

Alipofika kituoni saa tisa mchana, hakumkuta mtu mwenye uso wa furaha. Jua lilikuwa kali tangu saa saba. Katika picha moja korongo alisimama kando ya kiota, mdomo wazi kwa joto. Katika iliyofuata hakuwapo. Katika iliyofuata tena, kunguru alikuwa ametua kwenye kisiki karibu na mayai.

"Ameyaacha," mama alisema. "Yakikaa juani hivi mpaka jioni, yamekwisha. Na kunguru akiyaona hatangoja jioni. Lakini kwa nini? Ijumaa nilimwona kwa darubini, ametulia."

Mzee Betri alivua kofia yake. "Mimi ndiye niliyeingia mle Jumamosi. Huenda nilikawia, au niliigeuza kamera vibaya, ndiyo maana mayai yanaonekana. Nilaumu mimi, mwanangu."

"Mzee wangu, miaka tisa hujamtisha ndege hata mmoja."

"Hata mpishi wa miaka tisa huunguza chakula."

Chiriku alizitazama tena zile picha tatu. Angenyamaza, nani angejua? Matete huvunjwa hata na upepo. Lakini alimwona yule mzee akiizungusha kofia mikononi, akaona aibu kubwa. Na kunguru yule hakuwa akimsubiri mtu amalize kuona aibu.

"Mama, ni mimi," alisema. "Niliyavunja matete ili mayai yaonekane. Babu hakuniona." Kisha akaangua kilio.

Mama alisogeza kiti mpaka mbele yake.

"Mangapi?" mama aliuliza. "Upande gani?"

"Matano. Upande jua linakochwea."

"Futa machozi. Hayo ndiyo yaliyokuwa kivuli chake cha mchana. Tutakata matete mengine ukingoni na kuyasimika palepale. Utaingia na mzee, kwa sababu wewe ndiye unayejua yalivyokuwa."

Walipofika, kunguru aliruka akienda zake huku akilalamika. Chiriku alipiga magoti majini na kuyachomeka matete kwenye tope, moja moja, bila kugusa yai. Kivuli kikarudi juu ya kiota. Walitoka kabla dakika kumi hazijaisha.

Kazi ngumu ilikuwa kungoja. Walirudi ofisini, wakaikodolea macho kompyuta. Saa kumi na robo, matete tu, ndege haonekani. Saa kumi na nusu, haonekani. Chai ikapoa mezani. Picha ya saa kumi na moja kasorobo ilipoingia, nayo ilionyesha matete tu.

"Ikuze," mama alisema.

Chiriku akaikuza. Katikati ya matete mawili palionekana kishungi cha dhahabu.

"Amelala! Anaatamia!" Mzee Betri alipiga kelele na kuirusha kofia juu. Chiriku alishusha pumzi ndefu, akacheka na kulia kwa pamoja.

Mama alitoa rafuni daftari kuukuu lililoandikwa "Makosa Yetu". Kila mfanyakazi wa kituo aliandika humo kosa lake kwa mkono wake, ili mwingine asilirudie. Mzee Betri aliwahi kusahau kufunga kamera, mvua ikailowesha. Mama mwenyewe aliwahi kuingia kinamasini na koti jekundu, akawafukuza ndege wote. Chiriku akaandika ukurasa wake, huku akijifuta pua.

Siku ya kumi na mbili tangu hapo, picha ya asubuhi ilionyesha makinda mawili wakichungulia kati ya matete. Mzee Betri alicheza ofisini mpaka betri zikamwagika sakafuni. Mama akamrudishia Chiriku daftari.

"Malizia ukurasa wako."

Chiriku aliandika: "Makinda mawili. Wazima wote."

"Nilikukasirikia sana, usidanganyike," mama alisema. "Ulitafuta sifa ukawasahau ndege. Lakini ungenyamaza, tungehangaika na kamera mpaka mayai yaharibike, na mzee angebeba mzigo usio wake. Kosa likifichwa hutaga mengine, mwanangu. Jumamosi utaingia tena kwenye matete na Mzee Betri."

"Mimi? Bado unaniamini, mama?"

"Zamani nilikuamini kwa sababu ulikuwa hujawahi kukosea. Sasa nakuamini kwa sababu najua utakachofanya ukikosea."