Miche ya Nyantende

Hadi leo Godelive hajui ni nani aliyekuwa akimwagilia bustani yake. Alipewa maelezo, na hakuyakataa. Lakini mikono yenyewe hakuiona.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, majina ya ubatizo yalipowekwa kando kwa amri ya serikali. Ofisini kwake Bukavu aliitwa citoyenne, yaani mwananchi, Nabintu. Aliyebaki akimwita Godelive ni mama yake, naye alizikwa kabla nyumba mpya ya bintiye haijaezekwa. Mabati yaling'aa, ila kiwanja kilikuwa udongo mwekundu mtupu. Kila jioni alikaa mlangoni akikitazama, kama mtu anayesubiri wageni.

Maua yaliyouzwa na masista wa misheni yalikuwa ghali. Jumamosi moja akapanda hadi Nyantende kutafuta miche ya bei nafuu, akazunguka bila kupata. Jua lilikuwa linashuka alipoona, nyuma ya migomba, nyumba iliyoanguka. Uzio wake wa mimea ya majani marefu ulikuwa bado mbichi. Mama mmoja mzee aliinama pale, akichimba kwa vidole.

"Unatafuta bya kupanda, mutoto?"

"Ndiyo, maman. Unauzisha ngapi?"

"Chukua tu." Sauti ilikuwa ndogo, kavu. "Lakini uniambie. Kwako munaikala na nani?"

"Hakuna mutu, maman. Niko peke yangu."

Mama mzee akatabasamu.

"Basi itafika vizuri."

Mizizi ya miche aliyopewa ilikuwa baridi mno. Ilinuka moshi wa zamani... na blanketi la mgonjwa.

Aliipanda Jumapili baada ya misa. Kesho yake, aliporudi kutoka kazini, udongo ulikuwa umelowa. Mvua haikunyesha. Kiwanja kilikuwa kimefagiliwa, alama za ufagio zimejipinda vizuri hadi mlangoni.

Jirani yake, Papa Bisimwa, alichungulia juu ya ukuta.

"Citoyenne! Umepata boyi wa jardin, unamuficha? Anafagia kupita bibi yangu!"

Godelive akacheka naye. Hakuwa na boyi, wala mtumishi yeyote wa bustani.

Ikawa hivyo kila siku. Udongo mbichi, kiwanja safi. Na lazima isemwe: alianza kutembea haraka akirudi nyumbani.

Jioni moja alikuwa ndani, taa bado hajawasha.

Shwa... shwa... shwa...

Ufagio. Nyuma ya jiko.

"Ni nani?"

Ufagio ukanyamaza. Harufu ya blanketi ikaingia chini ya mlango.

"Godelive..."

Hakuwa amemtajia yule mama mzee jina lake.

Sauti ilimtisha, lakini kilichomtisha zaidi ni mdomo wake mwenyewe, uliokuwa umekwisha kuitika.

"Niko hapa, mama."

Kitasa kikasogea.

Akatoka mbio kwa mlango wa mbele, hadi kwa Bisimwa. Mzee alimsikiliza akiwa na kijiko mkononi. Simulizi ilipofika kwenye ile nyumba iliyoanguka, mzee akaweka kijiko chini.

"Alikuuliza munaikala na nani. Ulimujibu nini?"

"Hakuna mutu."

"Ee, mutoto wangu..." Akanong'ona. "Ukichukua muche kwa batu, unataja majina ya kwako yote. Kama umebakia peke yako, unataja bale balikufa. Muche unajua kwenye nyumba iko na benyewe. Weye ulisema iko bule, haina mutu. Ile nyumba kwenye ulichukua, homa ilimaliza batu yote, na huyo mama muzee uliona pia. Sasa bamepata nafasi ya kuikala kwako."

"Lakini ilijua jina langu, Papa. Na sauti... ilikuwa kama ya mama yangu."

Bisimwa akaokota kijiko chake.

"Hapo, sijui."

Usiku ule Godelive alilala kwao, kati ya watoto waliokoroma, akisikiliza kwake kwenye giza. Hakuna kilicholia. Ukimya huo ulimuumiza kuliko ufagio.

Asubuhi waliamua: miche yote irudi Nyantende kabla jua halijashuka, usibaki hata mzizi, na majina ya watu wa Godelive yatajwe njiani, wazima na wafu. Aliyeing'oa ni Papa Bisimwa, kwa jembe lake. Aliyeibeba, akitaja majina kwa sauti mpaka kilimani, ni Godelive.

Na aliyefunika mche mmoja kwa beseni usionekane, kule nyuma ya jiko, ni Godelive huyohuyo. Jioni alilifunua beseni, akauacha mlango bila komeo, akakaa akisubiri kuitwa jina lake.